Sayari Yangu, Jina la Hussam

"Zubeda! Weka mikono mezani niione!"

Mlango ulipigwa teke hadi komeo likaruka. Nilikuwa nimeshika dadu, na sikuwahi hata kuiachilia.

Shangazi yangu, Bi Fatma, alikuwa amesimama mlangoni na leso imemteleza kichwani. Mwanamke huyo sijawahi kumwona kichwa wazi mbele ya wanaume maishani mwangu! Nyuma yake alikuwepo mzee wetu wa mtaa, Mzee Badi. Na nyuma ya Mzee Badi, pale uani, nusu ya mtaa wetu wa Ziwa la Ng'ombe ilikuwa imeshafika kutazama.

"Hicho ulichoshika ni nini?"

"Ni dadu, shangazi, lakini..."

"Mumemsikia? Kasema kwa mdomo wake!"

Kofi likanikuta kabla sijamaliza.

Wenzangu mliokulia huku kwetu hamhitaji maelezo. Kwetu dadu ni kamari, basi. Ukishikwa nayo hakuna anayekuuliza ulikuwa ukiifanyia nini. Na zangu zilikuwa za kila rangi, nyingine zina pande ishirini! Mzee Badi alipoiokota mojawapo akaigeuzageuza, alisema astaghfirullah kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Hii ni kamari ya wapi hii?"

"Si kamari, mzee wangu! Tazama mezani. Kuna pesa hapo?"

"Mumezificha!" shangazi akadakia.

Tulikuwa wanne mle chumbani, chumba cha nje nyuma ya nyumba ya shangazi ninapoishi. Mimi. Safa, rafiki yangu tangu tuko wadogo chuoni tukisoma Kurani. Clifford, kijana wa bara anayefanya kazi bandarini kule Kipevu. Na Hussam.

Hussam ndiye peke yake aliyeinuka kwa utaratibu.

"Shikamoo, shangazi. Tusamehe, tunaondoka," akasema, macho chini, sauti ya mtoto mwenye malezi. Kisha akanyoosha mkono akachukua kitu kilichokuwa katikati ya meza. "Zube, hii niende nayo mimi isije ikavunjwa."

Nikamshukuru! Wallahi nilimshukuru, shavu linawaka moto namna ile.

Sasa niwaeleze tulichokuwa tukicheza, maana najua wengine wenu mmeshaanza kunihukumu.

Ni mchezo wa kusimulia. Mnakaa mezani, kila mmoja na mtu wake wa kubuni: rubani wa chombo cha angani, daktari, mwizi, yeyote. Mmoja anakuwa mwenye meza. Huyo ndiye anayeujua ulimwengu mzima wa mchezo, jua lake, upepo wake, watu wake wanakula nini na wanagombania nini. Wachezaji wanasema wanachotaka kufanya, mwenye meza anawaambia kumetokea nini. Penye shaka ndipo dadu inarushwa. Hakuna mshindi wala fungu la kugawana.

Sheria yetu kubwa ilikuwa moja. Mchezaji akiuliza kuhusu ulimwengu, mwenye meza hujibu papo hapo, na akishasema, limekuwa.

Mwenye meza nilikuwa mimi. Ulimwengu ulikuwa wangu. Niliuita Bamvua.

Nimezaliwa Mtongwe, upande wa Likoni. Nyinyi wa Pwani mnaijua bamvua, zile siku za mwezi ambapo maji hutoka mbali kabisa, na yakirudi hupanda kuliko siku zote. Siku hizo mama yangu alikuwa akinichukua tukaokote chaza kwenye matope. Alikuwa akinipigia kelele, "Usitazame chini tu, tazama na baharini!" Maana maji hayabishi hodi. Nilipokuwa mkubwa nikaanza kujiuliza: na kungekuwa na miezi miwili, je?

Basi nikaijenga sayari hiyo. Mwezi mkubwa nikauita Kungwi, mdogo unaoufuata nikauita Mwari. Maji yake yakitoka, yanaacha nchi tupu hadi huoni pa kuishia. Yakirudi, yanarudi yamesimama wima. Watu wake wanaishi katika miji ya ngazi, wanahama juu na chini pamoja na bahari. Na wanachukiana! Nusu wanahesabu tarehe kwa Kungwi, nusu kwa Mwari, hata sikukuu hawali siku moja. Kila kitu nilikifikiria. Wafu wao wanazikwa wapi. Samaki wanajificha wapi maji yakitoka. Mlango wa nyumba unafungwaje usiingize bahari.

Kazi ya miaka, jamani... Kila alasiri nilikuwa nikijifungia mle chumbani, naongea peke yangu, naikosoa, naivunja, naijenga upya.

Sayari yenyewe niliichora juu ya boya kubwa la plastiki. Nikalipaka rangi bahari na nchi kavu, nikaning'iniza mipira miwili midogo kwa waya iwe miezi.

Boya hilo ndilo Hussam aliloondoka nalo amelikumbatia.

Yaliyofuata nyumbani sitayasema yote. Shangazi aliapa.

"Ukishika dadu tena, nyumba hii utaihama. Umenielewa?"

"Abee, shangazi."

"Sitaki abee! Nataka ukome!"

Shangazi yangu anauza leso, na wanawake wa mtaa mzima hupita dukani kwake. Kila aliyepita aliambiwa. Kufika wiki ya pili, kina mama waliokuwa wakiniletea watoto wao niwafundishe hesabu waliwatoa mmoja mmoja. Mmoja alipokutana nami kisimani alimvuta mwanawe upande wa pili, nikiwa namwona. Nililia siku hiyo hadi kichwa kikaniuma.

Safa alinitumia neno moja tu: "Pole." Kisha kimya.

Hussam alinipigia.

"Tulia kwanza, Zube. Moto upoe."

"Sayari yangu iko vipi?"

"Iko salama kwangu."

"Msicheze bila mimi, Hussam."

"Tutacheza vipi bila wewe? Wewe ndiye mwenye meza!"

Nikalala nimetulia, mpumbavu mimi.

Siku moja Clifford akaweka tangazo kwenye status yake. Akalifuta upesi, lakini nilikuwa nimeshaliona. Mashindano ya michezo ya kubuni, Jumapili asubuhi, ukumbi mmoja pale Kongowea. Ulimwengu utakaoshinda utachapishwa na kuuzwa nchi nzima. Na hapo katikati ya tangazo kulikuwa na picha ya boya langu!

Chini yake: BAMVUA. UMEBUNIWA NA HUSSAM.

Nilisoma mara nyingi sijui ngapi. Nikakaa sakafuni.

Nikampigia. Hakushika. Nikampigia Safa. Simu iliita hadi ikakatika. Clifford alikuwa ameshanizuia kabisa.

Jumapili nilimwambia shangazi naenda sokoni. Nikaenda Kongowea kweli, ndiko soko liliko, ila sokoni nilipita tu.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Meza kila upande, vijana kwa wazee, wengine na watoto wao. Meza ya Hussam ilikuwa ya mbele kabisa, na boya langu limewekwa juu ya kitambaa cheupe. Aliyekuwa akipita meza hadi meza kuamua ni mama mmoja wa makamo kutoka Nairobi, Bi Roseline, mwenye mvi na miwani ya kamba. Yeye ndiye mwenye kampuni ya kuchapisha.

Kulikuwa na kiti kimoja kitupu kwenye meza ile, cha mtu yeyote aliyetaka kujaribu. Nikakikalia.

Hussam aliinua macho. Rangi ilimtoka!

"Zube... umefikaje hapa?"

"Kwa miguu."

"Tutaongea baadaye. Si hapa."

"Mimi sijaja kuongea. Nimekuja kucheza. Kiti hiki si cha wageni?"

"Kuna tatizo?" Bi Roseline akauliza.

"Hakuna, madam," Hussam akajibu mbio. "Ni mchezaji wangu wa zamani."

Mchezaji wake! Nilihisi kuipindua meza ile na kila kilichokuwa juu yake. Upande wa pili walikaa Safa na Clifford. Clifford alikuwa anachezea simu. Safa alikuwa anaangalia hina ya vidole vyake, hakuinua kichwa.

Hussam akaanza kusimulia. Akaanza kwa maneno yangu, ndugu zangu... yangu yenyewe, hadi mahali ninapotua kuvuta pumzi! Miji ya ngazi, ugomvi wa sikukuu, milango inayofungwa kwa nta. Watu wa meza za jirani wakaanza kusogea kusikiliza. Bi Roseline akavuta kiti. Ilikuwa nzuri, wallahi ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi.

Kisha hadithi ikafika mahali ambapo sikuwahi kufika nao mezani. Chombo chao cha angani kimeanguka ng'ambo ya mkondo, na lazima wavuke kwa miguu kabla adui hajafika.

"Tunaweza kuvuka?" Clifford akauliza, kama walivyopanga.

Hussam akanyoosha kidole kwenye ile mipira miwili.

"Leo Kungwi uko juu ya vichwa vyenu. Mwari uko upande wa pili wa sayari, chini ya miguu yenu. Mmoja anavuta huku, mwingine anavuta kule. Wanavunjana nguvu. Kwa hivyo leo bahari imetulia, maji ni ya magotini. Tembeeni taratibu."

Alikuwa anaiua sayari yangu mbele ya macho yangu!

"Mwenye meza," nikasema.

Akajifanya hasikii.

"Mwenye meza, mchezaji anauliza."

"Uliza."

"Hapa kwetu Mombasa, mwezi ukiwa mpevu, jua liko wapi?"

"Sasa hilo linahusu nini?"

"Jibu tu. Mwezi mpevu unachomoza, jua linafanya nini?"

"Linazama."

"Kwa hivyo jua, ambalo nalo huvuta bahari, liko upande mmoja, mwezi upande wa pili. Mmoja anavuta huku, mwingine anavuta kule. Si ndivyo?"

"Ndiyo."

"Na maji siku hiyo huwa vipi? Hutulia?"

Akaigeukia ile mipira miwili.

"Bamvua!" akapaza sauti mzee mmoja aliyesimama nyuma yetu. "Mwezi mpevu ni bamvua, mwandamo ni bamvua! Maji kutulia, maji mafu, ni mwezi ukiwa nusu! Wewe kijana umezaliwa wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kicheko cha watu wa Pwani mnakijua hakina huruma.

"Wakivuta pande mbili hawavunjani nguvu," nikasema, namtazama Hussam machoni. "Wanasaidiana. Siku hiyo uliyoitaja ndiyo siku mbaya kuliko zote katika Bamvua. Na wewe umewatuma watu wako watembee taratibu!"

Bi Roseline akavua miwani.

"Ngoja kwanza. Ulimwengu huu ameutunga nani?"

"Mimi," Hussam akasema.

"Mimi," nikasema.

"Madam, usimsikilize. Huyu ana wivu tu. Alikuwa akija kucheza nasi, basi. Na si mtu wa kuaminika. Juzi ameshikwa na kamari mtaani kwao, mzee wa mtaa mwenyewe alikuwepo. Kaulizeni Ziwa la Ng'ombe yote!"

Minong'ono ikazunguka ukumbi. Niliwaona watu wakinitazama vingine, macho yale yale ya kisimani.

"Hussam! Wewe ulikuwepo! Ulikuwa umekaa meza moja na mimi!"

"Mimi? Mimi nilikuwa nimepita tu."

Bi Roseline akawageukia wenzetu.

"Nyinyi wawili. Mlikuwa mnacheza pamoja. Ni wa nani?"

"Mi sijui, bana," Clifford akasema. "Mi nilijoin juzi tu. Msiniweke hapo katikati."

"Na wewe, dada?"

Nikamtazama Safa. Huyu ndiye aliyenifunga mtandio wangu wa kwanza. Huyu ndiye aliyenisikia nikipiga kelele za furaha nilipopata jina la Mwari, tuko wawili tu, kabla hata Hussam hajajua kuna mchezo kama huu duniani.

"Safa, sema."

"Mimi..."

"Sema tu ukweli, Safa."

"Sijui, Zube. Kila mtu alikuwa akichangia."

Jamani. Kofi la shangazi halikuniuma hivyo.

"Tupumzike kidogo, madam," Hussam akasema, na akatoka nje na simu yake sikioni. Niliachwa pale nimekaa, hakuna aliyenisemesha. Nikanyoosha mkono niliguse boya langu.

"Usiliguse!" akafoka alipokuwa akirudi. Akaweka simu mezani, akakaa, akatabasamu. Tabasamu lile sikulielewa wakati huo.

Tulikuwa tumerudi kwenye mabishano, na Bi Roseline ameanza kutikisa kichwa kwa kuchoka, niliposikia sauti ninayoijua kuliko zote.

"Yuwapi? Yuwapi mwana huyu asiyesikia?"

Shangazi! Buibui linapepea, kandambili mguuni, ameshuka kwenye tuktuk hata chenji hakungoja. Watu walimpisha wenyewe. Akanishika mkono juu ya kiwiko, pale panapouma.

"Sokoni, eeh? Hapa ndipo sokoni?"

"Shangazi, nisikilize..."

"N'sikilize n'ni? Si n'likwambia utahama?"

Bi Roseline akasimama, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama."

Sasa hapo mnajua jinsi watu wa umri wa shangazi walivyo. Anaweza kuwa anakuua, lakini shikamoo haiachwi ikaanguka chini.

"Marahaba," akajibu kwa hasira, na ilibidi anyamaze kidogo ili aitikie.

"Mama, hapa hakuna kamari. Ni michezo ya kusimulia."

"Na dadu je? Pesa ziko wapi?"

"Hakuna pesa. Angalia mwenyewe."

Na akaangalia! Shangazi yangu aliinama, akafunua kile kitambaa cheupe, akachungulia chini ya meza. Akaenda meza ya pili akachungulia. Pale alikuwa amekaa ustadhi wa chuo cha jirani yetu na binti yake mdogo, dadu za pande ishirini mbele yao.

"Ustadhi? Na wewe?"

"Ni hadithi tu, Bi Fatma. Mtoto anajifunza kuhesabu."

Shangazi akasimama wima. Nikaona uso wake unabadilika, hasira iko pale pale lakini imekosa pa kwenda.

"Sasa yule aliyenipigia simu..." akasema polepole.

"Nani, shangazi?"

"Simjui! Mwanamume. Alinipigia siku ile, akasema chumba changu kimegeuzwa danguro la kamari. Na leo kanipigia tena, kasema niwahi Kongowea. Namba ni ile ile moja."

"Ya nani?"

"N'mekwambia simjui! Lakini n'taka nimjue sasa hivi."

Akatoa kabambe yake, simu ndogo ya vibonyezo, kifuani, akabonyeza, akaiweka sikioni.

Watu wakanyoosha shingo...

Simu ya Hussam ikaita.

Ilikuwa mezani, uso juu, inatetemeka karibu na boya langu. Hussam akaitupia mkono, lakini Clifford alikuwa ameshaisoma. Sijui kama alikusudia au ilimtoka tu.

"Imeandikwa 'Shangazi Z.'"

Shangazi akakata. Simu ikanyamaza. Akapiga tena. Ikaita tena!

"Shangazi, ilikuwa ni utani tu..." Hussam akaanza.

"Usiniite shangazi! Wewe si ndiye uliyeniamkia kwa adabu siku ile? Si ndiye uliyetoka kwangu umekumbatia hili boya?"

"Mimi nilitaka..."

"Ulitaka nini? Nimempiga mtoto wa kaka yangu mbele ya watu! Nimemtangaza mtaa mzima! Kwa maneno yako!"

Bi Roseline akaingia kati.

"Mama, samahani. Ninauliza kitu kimoja tu. Ulimwengu huu wa miezi miwili, unajua aliyeutunga?"

"Miezi miwili?" Shangazi akacheka kicheko kikavu. "Mimi ndiye niliyekosa usingizi wa alasiri kwa hiyo miezi miwili! Chumba changu kimepakana na chake. Kila siku Kungwi hivi, Mwari vile, maji yatatoka, maji yatarudi, anaongea peke yake na ukuta! Nilidhani ana shetani. Nikamtafuta mtu wa kumsomea!"

"Na huyu kijana?"

"Huyu? Huyu wakati huo sikuwa namjua hata kwa sura. Miezi hiyo ilikuwa imeshanichosha kabla hajakanyaga kwangu."

Hussam akasimama, akanyoosha mkono kuchukua boya.

"Liweke hapo," shangazi akamwambia.

Akaliweka. Akatoka ukumbini anatazama chini, na yule mzee wa nyuma akamsindikiza kwa sauti: "Tembea taratibu, maji ya magotini!"

Safa alikuwa analia.

"Zube, nisamehe. Alituahidi majina yetu yataandikwa kwenye sanduku la mchezo. Nilidhani baadaye nitakueleza..."

"Sogea," nikamwambia. "Unaniziba nisione meza."

Bi Roseline akavuta kile kiti cha mwenye meza, akanionyesha.

"Basi malizia. Wako katikati ya mkondo. Kunatokea nini?"

Nikakaa. Nikawaambia kwanza ndege wamenyamaza. Kisha matope yameanza kulowa kutoka chini. Kisha mmoja wao ageuke nyuma atazame baharini. Watu walisimama juu ya viti kusikiliza, na dadu ya mwisho ilipoanguka, waliovuka walipigiwa makofi na ukumbi mzima.

Bamvua itachapishwa. Jina langu litakuwa juu yake, peke yake.

Mnadhani shangazi alinikumbatia? Hata kidogo! Tulipotoka nje alikuwa amenuna kuliko alipokuja.

"Usidhani nimeupenda mchezo wenu. Dadu zile nikizikuta kwangu nazitupa jaani."

"Sasa kwa nini ulinitetea?"

"Sikukutetea. Yule amenifanya mimi muongo. Mbele ya Mzee Badi! Twende."

"Wapi?"

"Kwa kila mtu niliyekusema kwake."

Na tukaenda. Nyumba kwa nyumba, jua la mchana, shangazi mbele mimi nyuma. Kila mlango alipiga hodi, akaamkia au akaamkiwa, kisha akasema maneno yale yale: "Nilisema mtoto huyu anacheza kamari. Nilisema uongo. Nimekuja kuomba radhi, na yeye yuko hapa asikie." Hakupunguza hata neno. Mzee Badi alinirudishia ile dadu ya pande ishirini mwenyewe, ameifunga kwenye leso, haya imemjaa.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa kina Hussam.

Mama yake alifungua anacheka, unga umemjaa mikononi.

"Karibuni, karibuni! Zubeda, umesikia habari? Mwanangu ana mashindano leo! Ametunga sayari nzima. Nampikia mahamri akirudi."

Shangazi akanigeukia. Aliniachia mimi.

Yule mama ni mtu mwema. Amenilisha mara nyingi. Uso wake ulikuwa umejaa furaha, na ningeweza kusema hongera nikaenda zangu. Najua wengi wenu mngefanya hivyo na mngeita ni busara.

Lakini nilikuwa nimetoka kumsikia Safa akisema sijui.

"Mama, sayari ile ni yangu," nikasema. "Mwanao aliniibia. Na aliyenisingizia kamari mtaani ni yeye."

Nilimwambia yote, nimesimama pale mlangoni, hadi ule unga ukamkaukia mikononi. Alipomaliza kunisikiliza hakubisha. Aliingia ndani akazima jiko.

Funzo langu ni hili, na mkasirike mkitaka. Hussam aliniibia, lakini wizi wake ungekufa siku ile ile kama rafiki yangu angesema sentensi moja. Adui yangu alisema uongo, na mtu aliyenipiga kofi ndiye aliyekuja kuufuta. Safa hakusema uongo wowote mkubwa, alisema sijui tu, na mpaka leo ndiye pekee nisiyeweza kumsamehe. Ukiujua ukweli wa mwenzako, useme wakati anauhitaji. Ukija baadaye na machozi, utakuwa umechelewa.

Safa, najua unaufuata ukurasa wangu huu kwa jina lisilo lako, na unasoma. Watu wote hapa wanaweza kuandika maoni yao. Wewe pia andika, na safari hii tumia jina lako.